Siku ya Tatu ya Ukimya

Tumetoka Rovaniemi alfajiri, giza
limejilaza juu ya mto kama paka asiyeogopa mtu.
Tuure anakwangua barafu kiooni kwa kadi ya benki
isiyo na kitu. "Angalau imepata kazi," anasema,
na hiyo ndiyo hotuba yake ya asubuhi.

Mimi ni mpiga ngoma, kwa hiyo nakaa nyuma,
goti kwenye ngoma kubwa,
begi la matoazi likining'inia utosini.
Oiva ameifunga mkanda akodioni yake kwanza,
kisha ndipo akajifunga yeye.

Raakel hasemi.
Daktari wa koo kamwambia: siku tatu,
wala usinong'one, kunong'ona kunaumiza kuliko kelele.
Leo ni ya tatu. Usiku tuna dansi Joensuu,
kilomita mia sita kutoka hapa.
Basi anaandika kwa kidole
kwenye ukungu wa pumzi zetu dirishani:
KAHAWA?
Herufi zinateleza, zinachuruzika mpaka kwenye raba.

Ranua. Pudasjärvi.
Misonobari, misonobari, misonobari,
kisha, ili tusichoke,
misonobari.
Watu hudhani sisi ni wa jukwaani.
Jukwaa ni saa mbili. Kilichobaki ni kukaa,
kalio la kulia likifa ganzi unahamia la kushoto,
kujua ni soksi za nani,
ni nani bado hajarudisha hela za mafuta ya Oulu.

Kabla ya Puolanka, kulungu saba katikati ya barabara
wanalamba chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu.
Tuure anazima injini. Hapigi honi.
Lami tumeazima tu.
Dakika kumi, kumi na tano.
Injini inapoa: ti, ti, ti,
kidole changu kinaitikia gotini bila kuniuliza.
Oiva anaufungua mvukuto taratibu, hagusi noti hata moja,
na sanduku linahema
kama mzee anayevua viatu.
Raakel amefumba macho. Midomo yake inapita
ubeti wa pili wa tango letu la mwisho,
lile lenye noti ya juu iliyomshinda Kemi.
Kisha anaandika, upesi:
NIKIFUNGUA MDOMO NA HAMNA KITU?

Kwetu Ufini mtu haharakishwi kujibu.
Kulungu wa mwisho amejikokota hadi msituni
ndipo Tuure akasema, macho barabarani:
"Basi tutapiga polepole."
Akawasha gari.

Jua lilikuja saa nne, saa nane likaondoka,
kama mdai aliyekuta mlango umefungwa.
Kajaani tulikula supu ya samaki kwenye kituo cha mafuta.
Mwenye duka akauliza kama tumetoka mbali.
"Bado," akajibu Oiva,
na mpaka sasa sijui alimaanisha nini.

Nurmes nililala.
Lieksa niliamka, nikalala tena.

Joensuu: ukumbi wa chama cha wafanyakazi,
chuma cha spika kinanata kwenye vidole,
watu kama arobaini wanakung'uta theluji mabutini,
mama mmoja tayari amevaa viatu vya kuchezea.
Raakel yuko nyuma ya pazia na glasi ya maji ya moto.
Hakuna aliyemuuliza.

Nikakumbuka vijiti. Nikarudi garini,
gari limekuwa baridi kama kisima,
nikaketi kidogo kupumua tu,
na pumzi yangu ilipogusa dirisha
maneno yote ya siku yakarudi, moja juu ya jingine:
KAHAWA, na NANI KAFUNGUA SAMAKI, na lile swali,
na chini kabisa, karibu na kiti changu,
mahali nilipokuwa nimeegemeza kichwa usingizini:
WEWE WA NYUMA. UKIHESABU, NIANGALIE KWANZA.

Mlango wa gari haukufunga. Nikaupiga teke.
Nikaingia kwa njia ya jikoni, theluji ikiwa bado mabegani,
nikaketi, nikainua vijiti,
nikamwangalia.